Hesabu ya Mayai Tisini na Sita

Stima ilipopotea Kayole usiku wa Jumanne
mayai yangu yalipoa moja moja
na hakuna hata moja lililolia.
Jumatano nikampigia Mutheu.

Alikuja na ngazi, penseli sikioni,
daftari la hesabu kama la mtoto wa shule.
Hakuuliza nina pesa ngapi. Aliuliza:
“Kiangulio chako kinakula nini?”
Wati arobaini, nikasoma kibandiko.
“Kwa saa ngapi?”
Mutheu, yai halijui likizo.
Akaandika arobaini mara ishirini na nne,
akapigia mstari mia tisa na sitini.
“Wati ni upana wa mdomo,” akasema.
“Wati-saa ndicho kilichoingia tumboni.
Wengi hununua kwa kutazama mdomo.”

Mimi nilidhani jua ni moto.
Nikamwonyesha pale bati linapochoma zaidi,
nikajiona nimesaidia.
“Hii si sufuria, Mama Nyaboke.
Paneli inataka mwanga, joto haitaki.
Mchana wa Februari, paka akiruka juu ya bati,
nayo inachoka kama wewe.
Ipe asubuhi ya Julai, baridi ya sweta mbili,
wingu lipasuke ghafla,
halafu uje utazame mita.”

Kisha akaniambia habari za silikoni,
ndugu wa mchanga, aliyesafishwa
hadi akasahau mto aliotoka.
Tabaka mbili, nyembamba kuliko ukucha:
huku elektroni zimezidi,
kule nafasi ziko wazi,
na katikati mlango wa kupita upande mmoja.
Mwanga ukigonga, elektroni inashtuka, inaruka,
inajikuta nje na mlango umefungwa.
Njia ya kurudi ni waya tu,
na waya unapita kwangu.

Kwa hiyo vifaranga vyangu, nikasema,
vitapashwa na kitu kinachotafuta njia ya nyumbani?
“Eeh. Nishikie spana.”

Inveta akakataa tusinunue:
“Kila kigeuzi hutoza ushuru,
na kiangulio chako kinakubali volti kumi na mbili.”
Betri akaiweka chini ya meza ya cherehani,
akaniapisha: ikibaki nusu, acha.
Betri si mfupa wa kunyonya hadi uboho.

Miezi mitatu tuliishi hivyo.
Halafu Gichimu, jirani, akaongeza ghorofa ya tano.

Kivuli kilikuja saa tisa alasiri,
ukanda mwembamba tu, upana wa mkeka,
ukalala kwenye safu ya chini ya paneli.
Nikasema, kitu kidogo, nitapoteza kidogo.
Mita ikaanguka zaidi ya nusu.
Nikaipiga kofi, kama redio.

Mutheu alicheka hadi akakaa kwenye ndoo.
“Seli ziko foleni,” akasema,
“zinapokezana maji kuzima moto.
Mmoja akisinzia, ndoo inakwama kwake,
hata wa mbele awe na mikono ya chuma.”
Nikawaza vikao vya chama chetu,
nikawaza jina moja, sikulitaja.

Tuliihamisha juu ya mnara wa tangi la maji.
Akailaza, akainua upande mmoja kidogo tu.
Mbona isimame wima, iliangalie jua?
“Hapa jua hupita utosini.
Huu mwinamo ni wa mvua,
ioshe mavi ya korongo.”

Usiku wa ishirini stima ilipotea tena.
Mtaa mzima ukasema *aaah* kwa sauti moja,
jenereta ya Gichimu ikakohoa, ikafa.
Nikashuka kitandani, nikaweka sikio kwenye sanduku.
Nyuzi thelathini na saba na nusu.
Ndani, mtu mdogo alikuwa anagonga ukuta,
anatulia,
anagonga.

Asubuhi nilihesabu vifaranga sabini na kimoja.
Mutheu akaandika namba hiyo daftarini,
chini ya mia tisa na sitini,
akakosa alama ya kuweka kati yake.